Maswali na Majibu: Mji Wako, Mpango Wake Mkuu na Mkono wa Jimbo la Washington

Tangu miji ya jimbo la Washington, Marekani, ianze kuandika upya mipango yake mikuu, yaani mipango ya muda mrefu ya ardhi, nyumba na huduma, barua zenu zimekuwa nyingi. Zinatoka kwa wapangaji, wenye nyumba, viongozi wa vikundi, hata wajumbe wa kamati za miji midogo. Wengi mnauliza jambo moja kwa maneno tofauti: kama jimbo ndilo linalotoa sheria, takwimu na fedha, mbona kila mji una lake? Nimechagua maswali saba na kuyafupisha. Majina nimeyaacha.

SWALI: Maktabani nimekuta tangazo kwamba mji unaandaa mpango wa miaka 20 ijayo. Anayepanga ni nani hasa, mji au jimbo? (Yakima)

JIBU: Anayepanga ni mji, kwa masharti ya jimbo. Mwaka 1990 Bunge la Washington lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Ukuaji, baada ya miaka ambayo makazi yalitapakaa ovyo kuzunguka ghuba ya Puget Sound na kumeza mashamba na misitu. Kati ya kaunti 39 za jimbo, 28 zinapanga kwa masharti yote ya sheria hiyo, pamoja na miji iliyomo ndani yake. Mpango unatazama miaka 20 mbele na kupitiwa upya kila baada ya miaka 10.

Kazi imegawanywa hivi. Ofisi ya Usimamizi wa Fedha ya jimbo inakadiria idadi ya watu watakaoongezeka. Kaunti na miji yake wanakaa kugawana ongezeko hilo. Idara ya Biashara ya jimbo, ambayo licha ya jina lake ndiyo inayoshughulikia nyumba na mipango ya miji, inatoa makadirio ya nyumba, miongozo, ruzuku na wataalamu wa kushauri. Mwisho madiwani wenu wanapiga kura.

Kwa kawaida Idara haiidhinishi mpango mzima wala kuukataa. Mji unapaswa kuijulisha siku 60 kabla ya kupitisha, nayo inaandika maoni yake. Mpango ukishapita unahesabiwa kuwa halali mpaka mtu aupinge mbele ya Bodi ya Usikilizaji wa Usimamizi wa Ukuaji, na ana siku 60 tangu tangazo litoke. Bodi ikikuta kasoro inauamuru mji urekebishe, na mji ukiendelea kukaidi gavana anaweza kuuzuilia sehemu ya mapato. Sasa angalia anayeanzisha yote hayo: mara nyingi ni mwananchi aliyelalamika. Jimbo halizunguki likikagua kila ukurasa.

SWALI: Nasikia jimbo linataka nyumba zaidi ya milioni moja. Mimi ni mama wa watoto wawili na kodi ya nyumba imepanda tena. Huo mpango wao unanisaidia nini mimi? (Tukwila)

JIBU: Pole, dada yangu. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo watu wanapopewa matumaini nusu.

Makadirio ya Idara ya Biashara ni kwamba jimbo litahitaji nyumba mpya milioni 1.1 kufikia mwaka 2044, na zaidi ya nusu ya hizo ziwe za familia zenye kipato kisichozidi nusu ya kipato cha kati cha eneo lao (yaani kile ambacho nusu ya familia zinapata zaidi yake na nusu pungufu). Hesabu hiyo ilitokana na sheria ya mwaka 2021, iliyotungwa kwa Muswada namba 1220. Kabla yake miji ilitakiwa tu kuhimiza upatikanaji wa nyumba za bei nafuu, na kuhimiza hakumgharimu mtu kitu. Sasa kila mji unapewa fungu lake la nyumba kwa kila ngazi ya kipato, tangu familia zilizo chini ya asilimia 30 ya kipato cha kati na kwenda juu. Unatakiwa uonyeshe kwa ushahidi kwamba una ardhi na kanuni zinazoruhusu nyumba hizo kujengwa, na zinazoruhusu makazi ya dharura kwa wasio na pa kulala.

Ukipata mpango wa mji wako, nenda moja kwa moja kwenye sura ya makazi utafute jedwali lenye ngazi za kipato. Upande mmoja utaona idadi ya nyumba zinazohitajika, upande wa pili idadi ambazo ardhi iliyotengwa inaweza kubeba. Kisha fungua ramani. Nyumba za kipato cha chini zimewekwa wapi? Kama zote zimerundikwa kando ya barabara kuu yenye moshi na kelele, huku mitaa yenye miti na shule nzuri haijaguswa, hapo una hoja ya kupeleka, na sheria iko upande wako. Muswada huohuo unautaka mji uchunguze sera zake zilizowatenga watu kwa rangi, uonyeshe maeneo ambayo wakazi wako hatarini kusukumwa nje, na uweke hatua za kuwalinda.

Ila jedwali halijengi nyumba. Mji unaweza kutenga ardhi ya nyumba mia tano za watu wa kipato cha chini kabisa na isijengwe hata moja, kwa sababu kodi ambayo familia hizo zinaimudu hairudishi gharama za mjenzi binafsi. Lazima fedha za umma ziingie. Jimbo lina Mfuko wa Nyumba tangu mwaka 1986, na umejenga nyumba nyingi za maana, lakini mahitaji ni makubwa mno kuliko fungu. Nasema wazi: jimbo linaloipa miji hesabu ya milioni 1.1 lina wajibu wa kuongeza fedha za kujengea. Ruzuku za kuandika mpango peke yake hazitoshi.

Kwa kodi yako ya sasa hivi, tegemea sheria nyingine kabisa, ya mwaka 2025. Ndani ya miezi 12 mwenye nyumba haruhusiwi kupandisha kodi kwa zaidi ya asilimia 7 pamoja na mfumuko wa bei, au asilimia 10, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Haruhusiwi kupandisha katika miezi 12 ya kwanza ya upangaji, na anapaswa kukupa taarifa ya maandishi siku 90 kabla. Kuna nyumba zilizosamehewa, hasa majengo ambayo hayajatimiza miaka 12. Kama nyongeza yako imevuka hapo, usilipe kimyakimya. Tafuta msaada wa kisheria kwanza.

SWALI: Jirani ananiambia kila kiwanja sasa lazima kiwe na nyumba nne. Mimi nina nyumba yangu moja na bustani yangu. Nitalazimishwa? (Kent)

JIBU: Hapana. Sheria ya mwaka 2023, iliyotokana na Muswada namba 1110, inaukataza mji kuzuia. Haimlazimishi mwenye kiwanja kujenga. Katika miji yenye watu 75,000 au zaidi, Kent ikiwemo, kiwanja cha makazi kinaruhusiwa kuwa na nyumba nne, na sita kikiwa karibu na kituo kikubwa cha usafiri wa umma au zikiwemo mbili za bei nafuu. Kwa majirani zako wa Tukwila, mji mdogo uliomo katika ukanda uleule wa Seattle, kiwango cha chini ni nyumba mbili.

Hapa jimbo lilitumia njia ambayo ningependa kuiona kwenye sheria nyingi zaidi. Idara iliandika mfano wa kanuni ulio tayari kutumika. Mji ulioshindwa kutunga kanuni zake kwa wakati, mfano huo unaanza kutumika wenyewe. Hakuna tena kuahirisha kikao mpaka watu wasahau.

Kama unaishi chini ya chama cha wamiliki wa nyumba chenye masharti ya zamani ya nyumba moja kwa kiwanja, masharti hayo hayajafutwa. Yasome kabla ya kuota nyumba ya pili uani.

SWALI: Kikundi chetu kimepata shamba la bei rahisi nje kidogo ya mji. Tulitaka kugawana viwanja tujenge tukae pamoja, tukaambiwa haiwezekani. Kwa nini? (Kaunti ya Pierce)

JIBU: Kwa sababu liko nje ya mpaka wa ukuaji wa mji. Ndani ya mpaka huo ndimo nyumba nyingi, mifereji ya maji taka na huduma za kimjini zinaruhusiwa. Nje yake ardhi inabaki ya vijijini, mashamba au misitu, na bei inakuwa rahisi kwa sababu hiyohiyo. Kabla hamjatoa hata malipo ya awali, ulizeni idara ya mipango ya kaunti matumizi yanayoruhusiwa kwenye kiwanja hicho, na jibu mlipate kwa maandishi.

SWALI: Mji wetu unasema mpango mpya lazima uwe na sura ya tabianchi. Mbona tunachanganya hali ya hewa na mambo ya viwanja? (Spokane)

JIBU: Ndugu yangu, ulikuwepo Spokane mwishoni mwa Juni 2021? Joto lilifika nyuzi 43 za Selsiasi. Seattle, ambako nyumba nyingi hazikuwa na kiyoyozi, lilifika 42. Zaidi ya watu 100 walikufa kwa joto katika jimbo hili, wengi wao wazee, wengi wakiwa ndani ya nyumba zao. Novemba ya mwaka huohuo Mto Nooksack ulifurika ukazamisha mitaa ya Sumas na Everson.

Joto halimpati kila mtu sawasawa. Mtaa wenye lami tupu na maegesho unahifadhi joto usiku kucha. Mtaa wenye miti unapoa. Nani alipewa miti na nani alipewa lami yalikuwa maamuzi ya matumizi ya ardhi. Vivyo hivyo aliyeruhusu nyumba kwenye tambarare ya mto, au pembeni ya msitu mkavu kwenye barabara moja tu ya kutokea. Kwa hiyo sura ya tabianchi imekaa mahali pake.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 2023, Muswada namba 1181. Ina sehemu mbili. Sehemu ya ustahimilivu inahusu kila mji na kaunti inayopanga kwa masharti yote: mafuriko, moto, ukame, joto. Sehemu ya kupunguza gesi joto inahusu kaunti 11 zilizotajwa, na miji yenye watu zaidi ya 6,000 ndani yake; Spokane imo. Na imeandikwa kwamba hatua za ustahimilivu zipe kipaumbele jamii zilizobebeshwa mzigo mkubwa zaidi wa uchafuzi na madhara.

Ruzuku za kuandika sura hizo zinatokana na mnada wa vibali vya uchafuzi, ambavyo kampuni zinazochafua hewa hununua kwa jimbo, chini ya sheria ya tabianchi ya mwaka 2021. Novemba 2024 wapiga kura waliombwa kuifuta sheria hiyo, wakakataa. Kama kura ile ingekwenda upande mwingine, miji ingebaki na wajibu bila fungu hilo, na miji midogo ndiyo ingeumia kwanza.

SWALI: Mimi ni mjumbe wa tume ya mipango katika mji mdogo wa mashariki. Hatuna mtaalamu wa mipangomiji hata mmoja. Masharti haya tutayatimizaje? (Jina na mji tumeuhifadhi)

JIBU: Nawaheshimu sana watu wa tume kama yenu, mnaokaa vikao usiku baada ya kazi bila posho ya maana. Msianze na karatasi tupu. Idara ya Biashara ina orodha ya hatua za tabianchi zilizokwisha kuandikwa, mnachagua zinazowafaa. Kikundi cha Athari za Tabianchi cha Chuo Kikuu cha Washington kina ramani za mtandaoni zinazoonyesha joto, theluji na mafuriko yanayotarajiwa kwa kila kaunti, hakuna malipo. Kama kaunti yenu ina mpango wa kupunguza majanga, sheria inawaruhusu kuuingiza kwenye sura ya ustahimilivu badala ya kuandika mwingine, alimradi unakidhi masharti. Kwa ruzuku, wapigieni simu watu wa Idara mapema na mwulize kama mji na majirani zake wanaweza kumwajiri mshauri mmoja kwa pamoja.

Mkiulizwa na wenzenu kama kazi hii ina faida kwa mji mdogo, wakumbusheni mji mdogo wa Malden. Septemba 7, 2020, moto uliosukumwa na upepo uliteketeza sehemu kubwa ya majengo ya mji ule kwa siku moja. Ofisi ya mji iliungua, na kituo cha zimamoto pia.

SWALI: Mimi si raia na Kiingereza changu cha kuungaunga. Halafu huku kwetu tarehe ya mwisho ya kupitisha mpango mpya ilikuwa Desemba 31, 2024. Si tumeshachelewa? (SeaTac)

JIBU: Hamjachelewa. Mpango unaweza kurekebishwa mara moja kwa mwaka, na miji mingi inapokea mapendekezo kila mwaka kwa tarehe iliyotangazwa. Sura ya tabianchi kwa miji ya Kaunti ya King inasubiriwa mwaka 2029, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hiyo bado iko mbele.

Uraia hauhusiki, hii si kura. Sheria inautaka mji ushirikishe umma mapema na mfululizo, na umma ni pamoja na wewe. Omba mkalimani wa Kiswahili siku kadhaa kabla ya mkutano, kwa barua pepe, ili ombi libaki kwenye kumbukumbu.

Ukiweza kufanya kimoja tu, toa maoni kwa maandishi. Anayetaka kuupinga mpango mbele ya Bodi ya Usikilizaji baadaye lazima awe alishiriki kwa mdomo au kwa maandishi jambo lilipokuwa mbele ya mji, na barua haipotei kirahisi kama maneno ya dakika tatu kwenye kipaza sauti. Taja ukurasa. Taja mtaa. Sema unachotaka kibadilike: "Ukurasa huu unasema mtaa wetu una hatari kubwa ya watu kuhamishwa, lakini sioni hatua yoyote ya kutulinda, naomba iongezwe." Inatosha. Wakiandika watu kumi wa jengo moja, kila mmoja kwa maneno yake, diwani atataka kujua jengo hilo liko wapi.

Anza kwa karani wa jiji. Mwombe akuweke kwenye orodha ya wanaopelekewa taarifa za tume ya mipango.