CTGF imegoma kupanda? Anza na kontroli

Msomaji mmoja wa hapa Dodoma ameniandikia: faibroblasti zake (seli za tishu unganishi) zimekaa na TGF-beta 1, protini ya ishara, kwa saa 24, lakini jeni ya CTGF, ile inayosukuma tishu kugeuka kovu, imepanda mara moja na nusu tu. Anataka kuagiza praima mpya, vile vipande vya DNA vya kupimia jeni kwa qPCR. Ndugu yangu, hela hiyo iache kwanza. Kagua kontroli, yaani seli zisizowekewa TGF-beta, maana mara nyingi jeni hii huwa imeshawaka kabla hujaweka chochote.

CTGF huwashwa kwa njia zaidi ya moja. TGF-beta huamsha protini ya SMAD3, ikaungana na SMAD4, zikaingia kwenye kiini na kukaa kwenye promota, sehemu ya DNA inayowasha jeni. Lakini protini nyingine, YAP, haiisubiri TGF-beta: seli ikijitandaza kwenye plastiki ngumu, yenye nafasi tele, YAP huingia kwenye kiini, hushikana na mwenzake TEAD kwenye DNA, na CTGF hupanda. Seramu mpya (majimaji ya damu ya kulishia seli) nayo huipandisha, tena upesi.

Basi panda idadi ileile ya seli kila kishimo cha sahani, zifunike asilimia 80 hadi 90. Zipunguzie seramu hadi asilimia 0.5 kwa saa 24, na baada ya hapo midia (majimaji ya kukuzia seli) usiibadilishe. Akiba yako ya TGF-beta ikiwa na mikrogramu 10 kwa mililita, kishimo cha mililita 2 kinataka mikrolita 1 kupata nanogramu 5 kwa mililita. Mikrolita moja haiaminiki. Zimua akiba mara 10 kwa midia, uweke mikrolita 10 papo hapo, kwa sababu protini hii hung'ang'ania kuta za tyubu. Kontroli nayo ipate mikrolita 10 za kiyeyushio chake (HCl ya milimola 4 yenye albumini), kilichozimuliwa vilevile. Vuna saa ya 1, 2, 6 na 24, kila saa na kontroli yake.

Halafu aktini, ile jeni rejea ya kulinganishia CTGF. Inauma kuona kazi nzuri ikiharibikia hapa. TGF-beta hupandisha aktini yenyewe kwenye faibroblasti. Ct ni mzunguko wa qPCR ambapo jeni huanza kuonekana; ikishuka, jeni imepanda. CTGF ikishuka kutoka Ct 24 hadi 22, imepanda mara 4. Ct ya aktini nayo ikishuka mzunguko mmoja, hesabu itakuambia mara 2. Jaribu jeni rejea mbili tatu, uchague zisizoyumba.

Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ina kama asilimia 88 ya kanieneo ya pwani. CO2 ya asilimia 5 kwenye inkubeta huku ni pungufu kidogo; midia ikielekea waridi iliyokolea (tindikali imepungua), jaribu 5.7. Umeme ukiwa wa mashaka, gandisha seli zikiwa ndani ya TRIzol (kimiminika cha kutolea RNA), usitoe RNA siku hiyo.

Ukirudia, nitumie Ct zenyewe za kila kishimo, kontroli zikiwemo, badala ya grafu.