Pikapu Inanuka Petroli Kila Asubuhi

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina Toyota Hilux ya zamani, injini 22R ya kabureta, inabeba mizigo kati ya Urambo na Tabora mjini. Kila asubuhi nikipiga stata, harufu kali ya petroli inajaa kwenye kabini. Injini ikipata moto, baada ya kama dakika kumi, harufu inakwisha. Chini sioni tone. Fundi ameniambia ninunue kabureta nyingine. Je, ninunue?
Msomaji, Urambo

JIBU: Weka fedha yako kwanza, ndugu. Kabureta inayofurika hufurika asubuhi na mchana. Hainyamazi kwa sababu injini imepata moto. Harufu ya asubuhi tu ina washukiwa wawili wa bei ndogo: mpira wa mafuta uliozeeka, na choki, yaani kibati kinachobana hewa ya kabureta injini ikiwa baridi.

Lakini kabla ya kugusa chochote, chomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, uinuse. Pampu ya mafuta ya 22R iko mbele kwenye silinda hedi na inasukumwa na kemshafti. Kiwambo chake cha ndani kikichanika, petroli inaingia kwenye oili. Ukikuta oili imepanda kupita alama ya juu, ni nyepesi kama maji na inanuka petroli, usiwashe gari tena. Oili ya namna hiyo haishiki kwenye beringi, na injini itakufa njiani. Badilisha pampu, mwaga oili yote, weka mpya na filta yake.

Oili ikiwa salama, nenda kwenye mipira. Kwa kuwa pampu inafanya kazi injini ikizunguka tu, mpira kati ya pampu na kabureta haupati msukumo usiku kucha. Unaupata pale unapopiga stata. Mpira mkongwe ukiwa baridi unakuwa mgumu na kulegea kwenye klipu, petroli inapenya kidogo na kukauka juu ya injini kabla haijafika chini. Ukipata joto unalainika na kuziba. Ndiyo maana huoni tone.

Kagua alfajiri, injini ikiwa ya baridi, gari likiwa nje. Asiwepo mvuta sigara, tumia tochi wala si kibiriti, na kizima moto cha unga kiwe karibu. Fungua boneti, mtu mmoja apige stata, wewe mulika klipu moja moja huku umeweka mikono mbali na feni. Tafuta unyevu, au doa lililooshwa safi katikati ya vumbi. Kwa vumbi letu doa hilo linajitangaza lenyewe. Kisha zima, kunja mpira kwa vidole. Ukionyesha nyufa, umekwisha.

Kabla ya kuubadilisha, chomoa waya wa hasi wa betri. Nunua mpira wa petroli wenye tundu linalolingana na bomba lake, mara nyingi milimita 8, na klipu mpya. Badilisha yote kwa pamoja, hata ule wa kurudisha mafuta kwenye tangi. Tunasisitiza: usifunge mpira wa maji wala wa plastiki wa kuonyesha ndani. Petroli inauvimbisha au kuukausha, nao upo kwenye joto la injini. Magari yanaungua kwa kosa hili.

Kama mipira ni mikavu lakini ekzosi inatoa moshi mweusi asubuhi, angalia choki. Ondoa kifuniko cha eya klina: kibati cha choki kinapaswa kufunga injini ikiwa baridi na kusimama wima ikipata moto. Kikikwama kwa uchafu, kisafishe kwenye ekseli yake. Angalia pia mguu wako. Kila ukikanyaga mafuta kabla ya kuwaka, kabureta inarusha petroli mbichi ndani. Kukanyaga mara tano ni kuzamisha plagi kwa petroli. Zikizama, kanyaga hadi chini, shikilia bila kupampu, piga stata kwa sekunde zisizozidi 10, pumzisha nusu dakika, rudia.

Ni pale tu hayo yote yakishindikana ndipo uifikirie kabureta, na hata hapo ni sindano ya floti (boya linaloisukuma sindano ifunge petroli chemba ikijaa), si kabureta nzima. Washa, zima, mulika kooni mwa kabureta: petroli ikiendelea kudondoka, sindano haifungi. Fungua kifuniko cha chemba, kigeuze juu chini ili uzito wa floti uibane sindano, puliza kwa kipande cha mpira safi kwenye bomba la kuingilia. Hewa ikipita, ama kuna mchanga, ama ncha ina mfereji. Mchanga huja zaidi na petroli ya madumu, kwa hiyo badilisha na filta. Jambo moja huwa linasahaulika: kama mtu alishakufungia pampu ya umeme ya gari la injekta, iondoe. Msukumo wake ni mara kumi ya ule wa pampu ya kabureta, na hakuna sindano itakayoumudu.

SWALI: Yangu ni pikapu ya dizeli, injini 2L. Asubuhi inachelewa kuwaka, inatoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli. Mchana haina shida.
Msomaji, Kasulu

JIBU: Hiyo ni dizeli inayotoka bila kuungua, na baridi ya Kasulu inaizidisha. Anza na plagi za hita, zile zinazopasha moto ndani ya injini kabla ya kuwaka. Chomoa waya unaoziunganisha, chukua taa ya kupimia, upande mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye ncha ya kila plagi. Isiyowasha taa imekufa. Zote nne zikiwa nzima, rudisha waya, mtu awashe swichi, pima kama umeme unafika. Usipofika, tafuta rilei (swichi ya umeme inayozipelekea moto) na fyuzi yake. Kama harufu ipo hata kabla ya kuwasha, pangusa pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli, ipampu mara kadhaa na uangalie kama inalowa. Inapovujia dizeli usiku ndipo inapoingilia hewa, na hewa hiyo nayo inachelewesha kuwaka.