Barua kwa mwanangu: Mjerumani aliyezaliwa Urusi

Mwanangu mpenzi,

Picha uliyonitumia nimeipata, ile karatasi ya sensa ya Marekani ya 1910 yenye jina la babu yake babu yako. Unauliza: "Mama, hapa kaandikwa mzaliwa wa Urusi, na sisi tumekua tukiambiwa upande wa baba ni Wajerumani. Nani alitudanganya?"

Hakuna aliyewadanganya. Ikuze picha uitazame tena. Baada ya neno Urusi, karani amebana neno jingine kwa mwandiko mdogo, lile la Kijerumani. Mwaka ule swali la lugha ya mama liliongezwa fomu zikiwa zimeshachapwa, likakosa safu yake, basi makarani wakalichomeka kwenye safu ya mahali pa kuzaliwa. Kwa hiyo kazaliwa Urusi, na lugha aliyonyonya nayo ni Kijerumani.

Walifikaje huko? Mwaka 1763 Katarina wa Pili, malkia wa Urusi aliyekuwa Mjerumani kwa kuzaliwa, aliwaita wageni waje kulima. Aliahidi ardhi, uhuru wa dini na kutoandikishwa jeshini. Wengi walitoka Hessen na majimbo jirani, wakajenga vijiji kando ya mto Volga. Nchi moja iitwayo Ujerumani haikuwapo hata kidogo, imekuja kuundwa 1871. Wakakaa huko zaidi ya miaka 100 na Kijerumani chao, na kanisa lao. Mwaka 1874 vijana wao wakaanza kuitwa jeshini, ndipo wengi walipofunga mizigo kuja Kansas, Nebraska na kwingineko. Bibi yako aliniambia, nilipofika hapa Lincoln, Nebraska, nikiwa bibi harusi kutoka Tanga, kwamba watu wa mjini hapa waliwaita Warusi tu, na neno hilo liliwauma.

Sasa usiishie kwenye jina na mahali. Sensa ya 1910 inasema waliingia Marekani 1892, ya 1920 inasema 1894. Rudi kwenye ya 1900, ambayo huandika mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Mtoto wao wa pili, baba yake babu yako, kazaliwa Urusi Machi 1893. Basi 1892 haiwezekani. Ya 1890 usihangaike nayo, karibu yote iliharibika kwa moto wa Washington wa 1921.

Halafu kuna safu uliyoiruka, na mimi ndiyo iliyonikalisha kimya usiku ule. Mbele ya jina la mkewe: watoto aliozaa, 11. Walio hai, 7. Nimewahesabu mmoja mmoja kwa kidole. Wanne hawamo kwenye karatasi yoyote tuliyonayo. Hao uwatafute kwenye vitabu vya ubatizo na mazishi vya kanisa, tafadhali, na uwaandike kwenye mti wa ukoo wako hata kama utapata tarehe bila jina.

Ukishajua kijiji, vuka uende kwenye hesabu za Urusi. Vijiji vya Volga vilihesabiwa 1767, 1798, 1834, 1850 na 1857, miongoni mwa miaka mingine. Nyingi ya hesabu hizo zilikuwa za kodi ya kichwa, na kodi ilikuwa ya wanaume, ndiyo maana ile ya 1811 haina mwanamke hata mmoja. Mimi ningeanza na ya 1798. Inataja wake kwa majina ya kwao, kabla hawajaolewa, na hapo utampata mama, na mama yake mama. Wenzako wengi hufuata jina la baba peke yake na kuuacha nusu ya ukoo njiani. Wewe usifanye hivyo.

Jambo moja litakusumbua. Kirusi hakina herufi ya sauti yetu ya "h", huweka "g". Ukimtafuta Heinrich Hoffmann utamkuta Genrikh Gofman. Soma majina kwa sauti, sikio litakusaidia kuliko jicho.

Na kama utakuta ndugu waliobaki Volga, jiandae moyo. Njaa ya 1921 iliwamaliza wengi, na Agosti 1941 serikali ya Stalin iliamuru waliosalia wahamishwe kwa nguvu kwenda Siberia na Kazakhstan. Bibi yako anasema mkwewe alikuwa akipokea barua za dada yake, kisha zikakatika. Hakuwahi kujua alikoishia.

Kijiji chenyewe bado hatukijui. Kwa hiyo nitumie ukurasa wote wa 1910, usiukate, na ule unaoufuata. Watu wa kijiji kimoja walipanga mtaa mmoja hapa Lincoln. Jumapili nitamsomea bibi yako majina ya majirani, nyumba kwa nyumba. Macho yake yameisha nguvu, lakini bado anakumbuka nani alikuwa wa kijiji cha Norka na nani wa kijiji cha Frank, kule Volga.

Mama yako