Muulize Shangazi: Nimuageje mtoto anayesimama juu ya viatu vyangu?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimejitolea miezi sita kwenye makao ya watoto katika nchi ya ugenini, na zimebaki siku 12 nirudi nyumbani. Kuna mtoto wa miaka minne ambaye haniachi. Akiniona natafuta viatu, anawahi kusimama juu yake ili nisiondoke. Msimamizi ameniambia niondoke alfajiri watoto wakiwa wamelala, eti ndivyo wanavyofanya wote na inaepusha vilio. Mimi natamani nimwambie nitarudi, ingawa nauli na viza sijui nitavitoa wapi. Nimefikiria pia kumwachia simu yangu ndogo tuwe tunaongea. Nifanyeje?
– Mwenye moyo mzito

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapo pa viatu niliiweka barua chini kwanza. Miaka mingi iliyopita nami nilimaliza muda wangu kwenye makao kama hayo, ng'ambo, na niliondoka alfajiri, viatu mkononi nisifanye kishindo. Nilijiona mtu wa huruma. Baadaye mpishi akaniandikia kwamba mtoto mmoja alichungulia chini ya kitanda changu asubuhi tatu mfululizo, kisha akaacha. Hilo la kuacha aliliandika kama habari njema.

Haikuwa njema. Huko Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1950, watafiti James Robertson na John Bowlby walieleza yanayowapata watoto wadogo waliotenganishwa na wanaowategemea. Kwanza mtoto hulia na kupinga, halafu hukata tamaa, mwishowe hutulia, hataki tena mtu. Ule utulivu ndio wakubwa huuita kuzoea. Na mtoto wako huyo, mwanangu, amekwishaachwa angalau mara moja kabla yako, la sivyo asingekuwa na hekima ya kusimama juu ya viatu.

Kwa hiyo usitoroke. Msimamizi simlaumu, maana watoto wengi wakiangua kilio usiku na walezi ni wawili tu, si mchezo. Mwombe uondoke mchana, saa ambayo mlezi anayempenda mtoto huyo yuko zamu.

Mtoto wa miaka minne siku 12 hazijui. Zikibaki siku saba, tunga vifuniko saba vya chupa kwenye uzi, kila jioni atoe kimoja mwenyewe. Mwambie kwa maneno mafupi: "Kifuniko cha mwisho kikitoka, nitapanda ndege kwenda kwetu. Sitalala hapa tena. Siondoki kwa sababu umekosea." Atauliza tena kesho, na keshokutwa. Mjibu yaleyale.

Lakini kazi kubwa si kuaga. Ni kumkabidhi. Mtafute mlezi aliyekuwepo kabla yako na atakayekuwepo baada yako (mfanyakazi wa kujitolea mwenzako haingii hapa, naye ana tiketi). Leo mlezi huyo amwogeshe wewe ukiwa umekaa pembeni. Kesho amwogeshe wewe ukiwa unafua. Mavazi, chakula, hadithi ya kulala, vyote vihame mkono kimoja kimoja, mpaka akijikwaa amkimbilie yeye kabla yako. Siku hiyo utaona wivu. Mimi niliuona, tena wa aibu, wa mtu mzima kununa kwa sababu mtoto kabembelezwa na mwingine. Nuna chumbani kwako.

"Nitarudi" usiseme. Kwako wewe ni matamanio, kwake yeye ni siku fulani, na ataisubiri. Simu nayo acha. Wakubwa wataigombania, na mawasiliano ya siri kati ya mtu mzima na mtoto wa makao hayafai hata kama nia yako ni safi. Kama kweli utaandika, andika kupitia ofisini, barua asomewe na mlezi, na usianze kama huwezi kuendelea. Ukitaka kumwachia picha, iwe yake akiwa na mlezi wake, wewe usiwemo. Picha za watoto hao usizirushe mitandaoni, hata ile uliyotoka vizuri.

Siku yenyewe, vaa viatu mbele yake. Akilia, mwache alie, usimzibe mdomo kwa pipi. Akikataa kukuaga akakupa mgongo, ni haki yake. Mkabidhi mkononi mwa mlezi, sema kwaheri mara moja, toka. Usirudi getini mara ya pili kumkumbatia, maana huko ni kujifariji wewe.

Kuna jambo ambalo hukuniuliza. Watakuomba uwatafutie mwenzako wa kuja baada yako. Usikubali haraka. Wengi wa watoto walio kwenye makao duniani wana mzazi aliye hai, na miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu malezi mbadala inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Mwaka 2019 Baraza Kuu la umoja huo likazitaka nchi zizuie madhara yanayotokana na watu kwenda kujitolea kwenye vituo vya yatima. Sikwambii miezi yako sita ilikuwa bure. Nasema mlolongo wa wageni wanaopendwa kisha wanaondoka ndio uliomfundisha mtoto kulinda viatu.

Basi muulize msimamizi: huyu ana nani? Nani alikuja kumwona mara ya mwisho? Pengine yuko bibi au shangazi anayeshindwa nauli tu, na fedha unayotaka kuikusanya uje kumtembelea ingemleta ndugu huyo mara nyingi, kwa utaratibu wa ofisi. Muulize ukiwa bado hapo, ana kwa ana. Ukishaondoka, barua za maswali kama hayo hukaa sana mezani.