Fundi Anajibu: Grenda au jigisoo?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina RAV4 ya zamani, nimeifunga matairi makubwa kidogo kwa ajili ya njia ya shambani kwetu Mpwapwa. Nikikata kona, matairi ya mbele yanasugua bampa. Nikipakia mzigo, ya nyuma yanagusa ukingo wa fenda. Nataka kupunguza mwenyewe nyumbani. Ninunue grenda au jigisoo? Hela ya vyote viwili sina.
Msomaji, Nzuguni, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Bampa ni plastiki, fenda ni bati, kwa hiyo hapo una kazi mbili. Grenda ndogo, ile mashine ya umeme ya kukatia na kusaga, inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Ukiipeleka kwenye bampa, plastiki inayeyuka, inanata kwenye jiwe, yaani lile duara linalozunguka na kukata, na kuacha ukingo wenye manundu. Jigisoo (msumeno wa umeme ambao wembe wake unapanda na kushuka) ya kupunguza mwendo ingekata safi, lakini kwa kona mbili za bampa hata wembe wa msumeno wa chuma, umeuzungushia kitambaa pa kushikia, unatosha. Malizia na msasa.

Hela iende kwenye grenda: ya waya, wati 700 hadi 850, jiwe la milimita 115. Chukua ile ambayo ukiachia swichi inazima yenyewe. Jiwe la kukatia liwe la milimita 1, maana bati la bodi lenyewe kwa kawaida halifiki hapo. Jiwe nene litakuunguzia rangi na kulikunja bati. Halafu soma namba ya mzunguko iliyoandikwa kwenye jiwe. Isiwe ndogo kuliko ya mashine. Kuna vijana wanang'oa kava, ile kinga inayofunika jiwe, ili grenda ndogo imeze jiwe la inchi 7, ambalo mwisho wake ni kama mizunguko 8,500. Likipasuka, vipande vinakuja usoni. Muuzaji akikwambia kava haina kazi, nenda duka la pili.

Sasa fenda ya nyuma, ndiyo inayonitia wasiwasi. Ya mbele imefungwa kwa bolti, ukiiharibu unanunua nyingine. Ya nyuma ni bodi yenyewe: bati la nje na la ndani zimeunganishwa kwa welding pale pale kwenye ukingo unaotaka kuukata. Ukipita ule mshono, mabati yanaachana, maji na vumbi vinaingia, na hapo lazima umwite mtu wa welding. Kwa hiyo jaribu kwanza kuukunja ukingo kwa ndani, taratibu, kwa nyundo ya mpira. Mara nyingi hiyo inatosha, na grenda inabaki kwenye boksi lake.

Ikibidi kukata, chomoa terminali hasi ya betri, funika vioo kwa turubai au blanketi lililoloweshwa, maana cheche zinachimba kioo na hazitoki kwa kusugua. Kaa mbali na tangi la mafuta. Na huu upepo wetu wa Julai na Agosti, fyeka kwanza nyasi kavu uani, ndoo ya maji iwe karibu. Vaa miwani ya kinga. Ya jua si kinga.

Piga tupa kwenye ukingo na upake praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) siku hiyo hiyo. Najua Dodoma ni kukavu, lakini gari hilo litashuka Dar siku moja.

Alama za chaki zipige gari likiwa na mzigo wako wa kawaida, usukani umekatwa mpaka mwisho. Gari tupu litakudanganya.