Muulize Fundi Saa: Saa ya babu ina maandishi ya Kirusi, nizame nayo?

Safari hii barua karibu zote ni za saa za kuzamia. Toleo lililopita tuligusia kidogo tu saa za zamani, kumbe watu wanazo makabatini. Naanza na ya kijana wa Wete mana ndo yenye uzito, nyengine nitazipitia mbio mbio.

SWALI: Asalaam alaikum fundi. Nipo Wete. Babu yangu alikuwa baharia, Mungu amrehemu, kaniachia saa nzito ya chuma, usoni ina picha ya mzamiaji na maandishi ya Kirusi, chini kabisa CCCP, nyuma kuna 200 na herufi nisizozijua. Ukiitikisa inatembea vizuri tu. Wenzangu wanaoshuka na mitungi ya hewa kufata majongoo ya bahari wananambia hiyo ndo yenyewe ivae tushuke. Ila kile kitufe cha pembeni ukikifungua kinalegea legea kama kinataka kutoka. Ni mbovu? Na ina thamani?

JIBU: Waalaikum salaam mwanangu, Mungu amlaze babu pema. Hiyo uliyonayo ni Vostok Amphibia, inatengenezwa Chistopol huko Urusi, ya mwanzo ilitoka 1967, na hiyo CCCP maana yake ilitengenezwa kabla Umoja wa Kisovieti haujavunjika 1991. Kuikuta Pemba hapana cha ajabu, baada ya Mapinduzi ya 1964 sisi tulikuwa karibu mno na nchi za Ulaya ya Mashariki, na baharia saa anaokota bandari yoyote.

Kitufe kulegea si ubovu, imeundwa hivo makusudi. Ukikifungua kinacheza, ukikikaza kinakaa sawa, na faida yake ni kuwa saa ikipigwa kwenye mbao za boti kile kijiti cha ndani hakipindi kirahisi. Mafundi wengi wa mjini wakikiona wanataka kukibadilisha, usiwape.

Akili ya saa hii ipo kwenye kioo na mfuniko wa nyuma. Wazungu wengine walizuia maji kwa kubana kila kitu kwa nguvu tokea kiwandani, na hiyo inataka vyuma vilivyochongwa kwa vipimo vikali sana. Warusi wakapita njia nyengine, wakaweka kioo kinene cha plastiki ngumu ambacho ukishuka chini maji yenyewe yanakikandamiza kwenye kitako chake, kwa hiyo kadri presha inavyozidi ndo saa inavyozidi kujifunga. Nyuma nako mfuniko hauzungushwi, unakaa tu juu ya mpira mpana kisha pete nyengine ndo inayokaza, basi mpira haukwaruzwi wala haupindwi. Mimi hiyo saa naiheshimu kuliko saa nyingi za bei mbaya.

Lakini usizame nayo. Kwanza mpira wa babu umri wake unaweza kukuzidi wewe, ushakauka, na mpira uliokauka hauna urafiki na mtu. Hilo dogo, fundi akibadilisha mpira na kuipima kwenye mashine ya presha linakwisha. Kubwa ni hili: wenzako wanaposema "hiyo ndo yenyewe" wanadhani kazi ya saa ya kuzamia ni kutoingia maji. Kutoingia maji ni sharti tu. Kazi yake ni kukuhesabia muda usipooze miguu.

Hewa ya mtungini, 78 kwa mia ni nitrojeni. Huku juu unaivuta unaitoa, haina habari na wewe. Ukishuka, kila mita 10 inaongezeka presha sawa na ya hewa yote iliyopo juu ya kichwa chako ukiwa ufukweni, na ile nitrojeni inasukumwa kwenye damu, kwenye nyama, kwenye mafuta, na kila ukikaa chini inazidi kuingia. Ukipanda mbio inageuka mapovu humo humo mwilini kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa. Povu likikaa kwenye kiungo ni maumivu, likikaa kwenye uti wa mgongo ndo yule kijana mnayemjua kila kijiji cha pwani, alitoka baharini akasema nimechoka kidogo akalala, alipoamka miguu haina nguvu.

Mwaka 1908 huko Uingereza mwanasayansi John Scott Haldane akatoa majedwali ya mwanzo ya kupanda kwa vituo, majaribio alifanyia mbuzi. Tokea hapo mzamiaji akawa na vitu viwili vya kujua, nipo kina gani na nimekaa muda gani. Majedwali ya zamani ya jeshi la majini la Marekani kwa mfano yaliruhusu dakika 60 kwenye mita 18, dakika 25 kwenye mita 30, na mita 40 dakika 10 basi, ukizidisha lazima usimame njiani wakati wa kupanda. Na hayo ni kwa mtu anayeshuka mara ya kwanza mwili umepumzika, wanaofundisha watalii siku hizi wanabana zaidi ya hapo. Sasa niambie, nyie mnaoshuka asubuhi, mnabadilisha mtungi, mnashuka tena, mnabadilisha, na kila mtungi mpaka hewa iwe nzito kuvuta ndo mnapanda, nani anahesabu? Tajiri wa majongoo yupo nchi kavu anahesabu majongoo.

Tizama ile pete ya juu inayozunguka kwenye saa ya babu. Ina vidoa tu, haina dakika zilizoandikwa, na inazunguka huku na huku kwa kulegea. Kwenye saa kamili ya kuzamia pete ina alama moja kubwa, unapoanza kushuka unaiweka mbele ya mshale wa dakika, ukitizama baadae pete inakwambia dakika ngapi zimepita, huna haja ya kutoa na kujumlisha ukiwa chini kichwa kizito. Na zilizokuja baadae pete inazunguka upande mmoja tu, ikigongwa kwa bahati mbaya itakudanganya kuwa umekaa zaidi, haiwezi kukudanganya kuwa umekaa kidogo.

Tokea miaka ya 1980 kazi hii inafanywa na kompyuta ndogo za mkononi, zinapima kina na muda pamoja na kukokotoa nitrojeni. Kama tajiri ana pesa ya kompresa na mashine ya boti, ana pesa ya kompyuta za vijana wake. Mwambie hivo, sema nimesema mimi. Na mtu akitoka na ganzi au viungo vinauma, mlaze, apewe oksijeni safi kama ipo, hospitali moja kwa moja na wambieni alikuwa anazamia. Msimrudishe chini "kumnyoosha", nasikia watu wanafanya hivo.

Thamani: Amphibia zilitengenezwa nyingi sana, huwezi kujengea nyumba. Usiisugue uso, usibadilishe mshale, ivae Eid.

SWALI: Fundi mimi nauza vitu vya kale Mkunazini. Mtalii kanambia saa ya kwanza ya kuzamia duniani ni Rolex, mwengine kaniambia muongo ni Blancpain. Nimwambie nini anayefata?

JIBU: Mwambie yoyote atakayenunua, hahaha. Ukweli wake mrefu kidogo. Rolex walitoa kasha lisiloingia maji, Oyster, 1926, na mwaka wa pili yake Muingereza Mercedes Gleitze akaogelea nayo mkondo wa bahari baina ya Uingereza na Ufaransa ikiwa imening'inia shingoni. Ile safari hakuimaliza, baridi ilimshinda akatolewa majini, lakini saa ilikuwa inatembea na matangazo yakapigwa kama kwamba kafika. Omega wakatoa Marine 1932. Wataliana nao, Panerai, wakawa wanatengenezea wapiga mbizi wa jeshi lao saa kubwa kama sahani ya kahawa, kabla ya Vita vya Pili na wakati wa vita.

Lakini saa yenye sura hii tunayoijua, uso mweusi, namba zinazong'ara, pete ya kuhesabu muda, imekuja 1953. Blancpain mkubwa wao Jean-Jacques Fiechter mwenyewe alikuwa mpiga mbizi, na siku moja kusini mwa Ufaransa alisahau muda chini ya maji mpaka hewa ikamuishia, akapanda kwa kudra ya Mungu. Wakati ule ule makomando wa majini wa Ufaransa, Robert Maloubier na Claude Riffaud, walikuwa wanatafuta mtu wa kuwatengenezea saa, kwengine wameshakataliwa. Wakakutana, ikatoka Fifty Fathoms, pima 50, mita 91 na ushei, na pete yake ilikuwa haizunguki mpaka uibonyeze. Rolex na Submariner yao mwaka huo huo wa 1953, ya mita 100, wakaionesha rasmi kwenye maonesho ya saa ya Basel, Uswisi, 1954. Zodiac nao na Sea Wolf. Kwa hiyo wote walikuwa wanakimbia mbio moja, na sababu ni moja, Wafaransa Cousteau na Gagnan walishatoa kifaa chao cha kupumulia 1943 na ghafla mtu yeyote mwenye mtungi anaweza kushuka bila mpira wa hewa kutoka boti, bila mtu juu wa kumhesabia. Ndo ikabidi ahesabu mwenyewe mkononi.

Kwangu mimi Blancpain ndo wa kwanza kuifikiria kazi yote kwa ukamilifu. Wa Rolex wataninunia.

SWALI: Naongoza watalii kuzamia Nungwi, mara nyengine tunakwenda Leven Bank, ule mwamba wa chini ya bahari. Mgeni mmoja alikuwa na saa ina kitundu cha pili pembeni, ananambia ni cha kutolea heliamu. Sasa heliamu inaingiaje saa ambayo maji hayaingii?

JIBU: Swali zuri hili kaka. Chembe za heliamu ni ndogo mno, zinapenya kwenye mpira ambapo maji hayapenyi. Lakini si kwa mimi na wewe. Ni kwa wale wanaoishi chini, wiki nzima au zaidi kwenye chumba chenye presha, wanavuta mchanganyiko wenye heliamu sababu nitrojeni kwenye kina kirefu inalevya. Marekani walijaribu na Sealab, nyumba za kukaa chini ya bahari, ya kwanza 1964 huko Bermuda, ya pili 1965 California, chini ya daktari wao wa jeshi George Bond. Saa ikikaa siku kadhaa kwenye chumba kile heliamu inajaa ndani taratibu, halafu wakipunguza presha ili watu watoke, heliamu ya ndani ya saa haina njia ya kutoka haraka, kioo kinaruka pwaa! Yani saa imesalimika na bahari yote ikaja kufia chumbani.

Rolex wakaweka valvu ndogo ubavuni, Sea-Dweller 1967, na kampuni ya Kifaransa ya wazamiaji, COMEX, ndo waliokuwa wateja wake wakubwa. Doxa nao wakaweka. Ila waliofanya la maana kwa rai yangu ni Seiko. Mzamiaji mmoja wa Japani aliwaandikia barua 1968 kuwa saa zao hazihimili kazi yake, wakakaa miaka saba, 1975 wakatoa saa ya mita 600 ya titani, ndani ina mpira ulioundwa heliamu isiingie toka mwanzo. Huna haja ya mlango wa kutokea kama mgeni hajaingia.

Mgeni wako kwa mizamo ya Leven Bank hicho kitundu hakitamsaidia maisha yake yote. Tena kama hujui, ukitaka kumueleza saa gani ilikuwa ya kwanza kufika chini kabisa, ni Rolex ya majaribio iliyofungwa nje ya chombo cha kuzamia Trieste tarehe 23 Januari 1960, Jacques Piccard na Don Walsh walipofika chini ya shimo la Mariana, karibu mita 10,900, ikarudi inatembea. Kioo chake kimevimba kama goroli, hakuna mtu angeivaa.

SWALI: Mume wangu saa yake imeandikwa 30M, kaenda kuogelea Paje tu, maji ya kifua, imejaa maji. Wametuibia?

JIBU: Hawajakuibieni bi mdogo, wameandika kwa lugha yao. Hiyo 30M ni presha waliyoipima saa imetulia, haina maana ushuke nayo mita 30. Mvua na kutia udhu, basi. Kuogelea anza na 100M, kuzamia na mtungi 200M yenye kitufe cha kukaza. Mwambie asiikaushe juani, aifungue fundi leo leo kabla chumvi haijala.

SWALI: Submariner ya Darajani kwa bei ya kuku wawili, ni ya kweli?

JIBU: Hapana.

SWALI: Nina saa ya zamani ya mzee, namba zake zilikuwa zinang'ara usiku saivi haziwaki na zimegeuka rangi ya chai. Nimenunua rangi ya kung'ara, nataka nifungue nikwangue ya zamani nipake mpya. Ushauri?

JIBU: Weka kisu chini mwanangu. Saa nyingi za mpaka mwanzo wa miaka ya 1960 zilipakwa rangi yenye radiamu, na kutowaka hakuna maana sumu imeondoka, kilichokufa ni ile dawa inayogeuza mionzi kuwa mwanga, radiamu yenyewe inachukua miaka 1,600 kupungua nusu. Kama chini ya uso karibu na namba 6 kuna herufi T, hiyo ni tritiamu, nyepesi zaidi na inapungua nusu kila miaka 12 hivi. Isiyo na T na ya umri huo, ichukulie kuwa ni radiamu. Ikiwa imefungwa na kioo kizima, kuivaa mara moja moja si balaa, hatari ni vumbi lake kuingia puani au mdomoni. Usiikwangue, usiipulize, usilale nayo chini ya mto, na ukiipeleka kwa fundi mwambie kabla hajaifungua.