Kabla ya kumnunulia mtoto mchezo wa ubao, angalia atasubiri zamu kwa muda gani

Wazazi wengi hununua mchezo kwa kusoma umri ulioandikwa kwenye boksi. Mimi huanza na swali jingine: zamu ya mtoto ikipita, itachukua muda gani kurudi? Mtoto wa miaka mitatu au minne hawezi kutulia akiwatazama wakubwa wakipiga mahesabu. Akisubiri sana ataanza kujenga mnara kwa kete, na hapo mchezo umekwisha hata kama ubao bado umetandazwa.

Ndiyo maana Ludo naiweka kando mpaka mtoto akue kidogo. Lazima apate sita ndipo kete itoke, kwa hiyo anaweza kurusha dadu mara nyingi na asiambulie kitu. Akishatoka, kete inaliwa na kurudi mwanzo. Nyoka na ngazi ina nafuu kwa sababu kila mtu ana kete moja na kila dadu inamsogeza. Tatizo ni yale majoka marefu ya karibu na 100, yanayomrudisha mtoto chini kabisa wakati ameshachoka. Kama ndio mchezo ulio nao nyumbani, yafunike majoka hayo kwa vipande vya karatasi. Mchezo utaisha mapema na hakuna kitakachoharibika.

Kwa mtoto anayeanza kabisa, tafuta mchezo wa rangi. Candy Land, uliotoka mwaka 1949, ni wa aina hiyo: unavuta kadi, unaona rangi, unasogea hadi kisanduku cha rangi ile. Hakuna kusoma wala kuhesabu. Mtu mzima huchoka nao haraka kwa kuwa hakuna cha kuamua, lakini mtoto anajifunza kupokezana zamu na kuipokea kadi iliyotoka hata kama hakuitaka. Hilo kwa umri wake ni zito.

Ninaoupenda kuliko yote ni First Orchard. Wachezaji wote wako upande mmoja, wanachuma matunda ya mbao kabla kunguru hajafika bustanini. Dadu ikitua kwenye rangi, unachuma tunda la rangi hiyo. Ikitua kwenye kikapu, unachagua tunda lolote. Ikitua kwenye kunguru, kunguru anasonga hatua moja. Hapo kwenye kikapu ndipo ninapomwachia mwanangu nafasi kabisa. Mkono wake huzunguka juu ya miti, unagusa tunda hili, unaliacha, unagusa lile. Ni uamuzi wake wa kwanza wa kweli mchezoni, nami sisemi kitu. Na kunguru akishinda, tumeshindwa sote, kwa hiyo hakuna wa kulia peke yake.

Kuhesabu kunakuja baadaye, na hapa kuna jambo la kuangalia kwa makini. Mtoto aliye kwenye kisanduku cha 5 akipata tatu, mara nyingi atagonga kilekile alichosimama na kusema “moja”. Mshike mkono, kete iruke kwanza, ndipo mhesabu. Kisha mzoeze kusoma namba za visanduku anavyopita: “sita, saba, nane”, badala ya “moja, mbili, tatu”. Geetha Ramani na Robert Siegler, katika utafiti wao wa mwaka 2008, waliwachezesha watoto wa chekechea mchezo wa ubao wenye namba 1 hadi 10, wakizitaja namba walizopita. Vikao vilikuwa vinne vya dakika kama 15. Watoto hao wakaimarika katika kuzijua namba na kuzilinganisha. Wenzao waliocheza ubao wa rangi tupu hawakupata faida hiyo. Kwa hiyo ukifika hatua ya namba, chagua ubao wenye mstari mmoja ulionyooka na namba zinazosomeka vizuri.

Je, umwachie ashinde? Mimi sipendi. Watoto hutambua, na ushindi wa kupewa hauna ladha. Afadhali uchague mchezo ambao anaweza kukushinda kwa haki: wa bahati, au ule wa kufunua kadi mbilimbili na kukumbuka zilipo zinazofanana. Kwenye huo wa kadi, jitahidi sana, maana utahitaji. Anza na jozi sita tu, nyingine ziache ndani ya boksi.

Umri wa kwenye boksi nauzingatia kwa ajili ya usalama. Onyo la chini ya miaka mitatu huwekwa hasa kwa sababu ya vipande vidogo vinavyoweza kumkaba mtoto. Kipimo cha nyumbani ni kile kirija cha karatasi cha ndani ya tishu ya chooni: kete ikipita humo, iwekwe mbali na mdogo wake, hata kama mkubwa anaimudu vizuri.